Aliyeona Kwanza

Ijumbi, Jumamosi mchana

Kemilembe mwanangu,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda kuwaaga wazee wa upande wa pili wa mto. Najua hawatawaachilia upesi. Watawapa kahawa ya kutafuna, watakuombea, halafu watakuombea tena kwa sababu aliyeombea mara ya kwanza hakusikika vizuri. Kwa hiyo nina muda mpaka jua lishuke. Nimefunga mlango wa sebuleni, jambo ambalo sijalifanya mchana tangu tujenge nyumba hii, na kuku wamesimama nje wanashangaa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufuli la chumba chako kule Kahororo, Bukoba, wala za wavulana. Hayo baba yako ameyasema wiki nzima mpaka nimemhurumia. Halafu Bukoba si mwisho wa dunia. Ninalotaka kukuambia limenishinda kwa mdomo kwa zaidi ya mwaka, na unanijua mimi si mtu wa kukosa maneno. Watoto wa darasa la sita wananijua hivyo zaidi yako.

Unakwenda kusoma kazi ya maabara. Siku moja mwalimu wako ataweka kipande cha kioo chini ya hadubini, atawaambia mtazame kwa zamu, na atataja ule uvimbe wa taya unaowapata watoto wa huku kwetu kwenye ziwa na malaria. Utamkumbuka kaka yako Evodi. Kisha mwalimu ataeleza unavyoanza, hatua kwa hatua, na katika maelezo yake yote hakutakuwa na shangazi. Sitaki hilo ulisikie mara ya kwanza ukiwa katikati ya wenzako, ubaki unajiuliza mama yako ni mtu wa namna gani.

Basi nakuambia mimi. Shangazi yako Domitila hakumuua Evodi. Mimi ndiye niliyesema alimuua, na hata siku ile niliposema sikuwa na hakika.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo unachokikumbuka ni kile nilichokukumbusha. Evodi alikuwa na miaka sita, umri wa kung'oka meno. Jino la kwanza lilipotoka tulifurahi sote. Alilirusha juu ya bati akiomba jipya, kama watoto wote wanavyofanya. Wiki ile ile likalegea la pili, na la tatu. Nikamwambia baba yako, huyu mtoto ana haraka ya utu uzima, na nikacheka. Mawe, mama yangu, nilicheka, Kemi. Mpaka leo kicheko kile nakisikia.

Wakati huo shangazi yako alikuwa akiishi hapa hapa kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, katika kile chumba tunachowekea magunia ya kahawa. Alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe baada ya miaka minane bila mtoto. Alirudi na kitanda kimoja na sufuria mbili. Baba yako alimpokea kama kaka anavyopaswa kumpokea dada yake. Mimi nilimpokea kama wifi, yaani nilimpa chakula na maneno juu yake. Ukimuuliza mtu yeyote hapa Ijumbi atakuambia mama yako ni mcheshi, ila ucheshi wangu mwingi wa miaka ile ulikuwa wa kumchoma yeye.

Jioni moja alikuwa akimlisha Evodi ndizi na maharage. Akasimamisha mkono. Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akaingiza kidole kinywani na kupapasa. Akaniita.

"Wifi, hebu njoo uone. Haya yaliyolegea ni ya nyuma."

"Si meno ya utoto? Yatang'oka yote."

"Ya mbele ndiyo hutangulia. Ya mbele yote ni mazima. Na hapa kwenye taya kuna kitu kigumu. Mpeleke hospitali, waitu, nakuomba. Mpeleke kesho."

Mimi ndiye mwalimu wa sayansi. Kila mwaka nilichora ubaoni kinywa cha mtoto, nikaandika namba, meno ya mbele yanang'oka kwanza, magego baadaye sana. Nilijua. Lakini aliyeniambia alikuwa mwanamke aliyerudishwa na mume, tena jikoni kwangu, tena mbele ya mtoto wangu. Nikamjibu hivi: "Wifi, wewe ulizaa lini ukajua meno ya watoto?"

Alimlisha Evodi mpaka akamaliza, akihakikisha kijiko kinapita upande usiouma.

Alirudia kusema baada ya wiki, safari hii kwa baba yako, nami nikakasirika kwamba ananipita pembeni. Baba yako akanitazama mimi, mimi nikasema ni jino tu, na baba yako, unamjua, anapenda amani kuliko ukweli. Nilimpeleka Evodi kwa yule mzee wa sokoni aliyekuwa aking'oa meno kwa koleo. Aliyang'oa mawili. Damu ilitoka siku mbili na shavu likazidi kujaa. Shangazi yako alipoona hivyo alikuja asubuhi amevaa viatu na kitenge cha kutokea, akasema kama mimi nina kazi ya shule yeye atampeleka mwenyewe, nimpe kadi ya kliniki. Nikamwambia sijui kadi iko wapi. Kadi ilikuwa kwenye mkoba wangu wa shule, katikati ya madaftari ya kusahihisha. Nilikuwa nimeiweka humo jana yake, kwa sababu nilijua ataiomba.

Kutoka jioni ile ya ndizi na maharage mpaka siku tulipompeleka hospitali zilipita wiki tano. Jicho lilikuwa limeanza kusukumwa juu. Kutoka wilayani tulipelekwa Mwanza, na Mwanza daktari mmoja mtu mzima alimtazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba ugonjwa huu una dawa, mtoto akifika mapema. Alitaja na jina lake. Sikulishika. Evodi aliishi siku kumi na moja tu. Alipofariki, baba yako alikuwa ametoka kumtafutia uji.

Tulimzika pale unapopajua, nyuma ya migomba mikubwa. Siku ya tatu ya matanga wanawake walikuwa wamekaa ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na mmoja wao akauliza swali ambalo huulizwa katika kila msiba wa huku kwetu, kama watu wanavyouliza marehemu alikula nini mara ya mwisho. Aliuliza, "Nani aliyeuona ugonjwa kwanza?"

Nikasema, "Domitila."

Ningeishia hapo ingekuwa kweli tupu. Lakini waliguna, wakanisogelea, na mimi nilikuwa na uchungu ambao haukuwa na mahali pa kwenda. Nikaongeza, "Mimi niliyemzaa sikuona. Yeye alijuaje? Aliyejua ndiye aliyefanya."

Ulimi hauna mfupa, Kemi. Shangazi yako alikuwa mlangoni na sufuria ya maharage aliyoyapika kwa ajili ya waombolezaji. Aliiweka chini polepole. Hakuna aliyekula maharage yale. Siku ile na iliyofuata hakuna aliyegusa kitu kilichotoka mkononi mwake, na kabla matanga hayajaanuliwa alikuwa ameondoka na zile sufuria zake mbili. Kitanda alikiacha. Ndicho unachokilalia. Na nilipokuwa nasema yale maneno mbele ya wanawake wote wa kijiji, kadi ya kliniki ilikuwa bado kwenye mkoba wangu.

Alikwenda Kitendaguro, kule Bukoba, akapanga chumba, baadaye akapata kishamba kidogo cha mboga. Baba yako hakunilaumu wala hakunitetea. Ila kila mwezi anafunga mkungu mmoja wa ndizi, ule mzuri kuliko yote, na kusema anampelekea rafiki yake wa Bukoba. Miaka yote hiyo sijamuuliza rafiki huyo ana jina gani, na yeye hajanitajia.

Sasa naja kwenye jambo linalokuhusu wewe, na hili ndilo nilipangalo kichwani tangu asubuhi bila kujua niliandike vipi. Ulikuwa na miaka tisa, tulikwenda Bukoba kukununulia sare. Ulikuwa msimu wa senene kama sasa, panzi wamejaa kwenye kila taa. Pale sokoni akatokea shangazi yako, amekonda, ameshika senene wa kukaanga kwenye karatasi iliyosokotwa. Akachuchumaa mbele yako. "Kemi, umekua hivi? Shika, mama." Ukawapokea kwa sababu wewe ni mtoto mwenye adabu. Halafu ukanitazama mimi. Nilikutazama tu, na ukaelewa. Ukawamwaga wote chini, ukajifuta mikono kwenye gauni, tena mara mbili.

Hakukasirika. Aliinama akawaokota mmoja mmoja na kuwarudisha kwenye karatasi. Alisema, bila kumwambia mtu, "Senene si kitu cha kutupa." Tukaondoka. Kwenye gari nikakusifu. Nikakuambia wewe ni msichana mwenye akili, nikakununulia soda. Mambo mengi nimeyaungama, lakini ile soda sijawahi kuitaja kwa padri yeyote.

Ungeendelea kuamini hivyo, na mimi ningeendelea kukuacha uamini, kama si Jeneroza wa darasa la tatu. Unamkumbuka, yule mwenye kelele anayekaa karibu na shule. Mwaka jana nilikuwa zamu ya uwanjani nikamwona anatafuna muwa kwa upande mmoja. Nikamwita, nikamwambia afungue mdomo. Magego mawili yalikuwa yanacheza, na chini yake taya limekuwa gumu. Kemi, nilikwenda nyumbani kwao siku ile ile, nikamwambia mama yake: hii si ya kusubiri, mpeleke kesho. Maneno yalikuwa yale yale ya shangazi yako, hata mpangilio wake. Na yule mama akanitazama, akavuta mtoto wake nyuma kidogo, akaniuliza:

"Mwalimu, wewe umejuaje?"

Nilisimama pale kwenye uwanja wao kama mtu aliyeitwa kwa jina lake halisi. Niliona kwamba mtoto huyu akifa, atakayesemwa kuwa ndiye aliyemuua nitakuwa mimi. Niliona wanawake wamekaa kwenye nyasi. Ningeweza kurudi nyumbani na kunyamaza, na nakiri kwamba nilifikiri hivyo, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi. Halafu nikasema, "Nimejua kwa sababu wangu alikufa nikiwa najivuna." Kesho yake tukapanda gari pamoja, na nikaenda nao mpaka Mwanza.

Kule kulikuwa na daktari kijana, mwanamke, labda amekuzidi miaka minane. Walipomaliza kuchukua kipande cha uvimbe na kuanza dawa, nilimfuata kwenye korido nikamwambia mimi ni mwalimu wa sayansi, nina swali la zamani. Nilitegemea atasema hana muda. Alikaa nami kwenye benchi, akachukua bahasha ya picha ya eksirei na kuchora nyuma yake.

Alisema kila seli ya mwili ina maagizo, na maagizo hayo ndiyo jeni. Kati ya jeni hizo zipo ambazo kazi yake ni kuiambia seli: gawanyika, ongezeka. Hizo si jeni mbaya. Bila hizo Evodi asingerefuka, na kidonda chake cha goti kisingefunga. Zinasema wakati wa kusema na kunyamaza wakati wa kunyamaza. Saratani, na uvimbe ule ni saratani, huanza pale mojawapo inaposahau kunyamaza. Wakati mwingine ni herufi moja tu katika agizo imekosewa pale seli ilipokuwa inajinakili. Wakati mwingine agizo lile lile limenakiliwa mara nyingi mno, likawa kelele. Na katika ugonjwa wa Evodi, alisema, jeni ilihama.

"Inahamaje?" nikauliza.

Akachora vijiti viwili. Alisema hizo ni kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni. Katika seli moja ya damu, ya aina ile inayotengeneza silaha za kupigana na maradhi, nyuzi mbili zilikatika, na zilipoungwa vipande vikabadilishana mahali. Ile jeni ya ongezeka ikajikuta imekaa jirani na jeni inayotengeneza silaha. Na jirani huyo, katika seli kama ile, halali. Ameamshwa kazini muda wote, hasa mtoto akiwa anapata malaria mara kwa mara. Kwa hiyo kila jirani anapoamshwa, na yule mgeni anaamshwa. Seli ikaambiwa ongezeka, ongezeka, bila kupumzika, na watoto wake wote wakarithi kelele hiyo.

Nilielewa kwa sababu ya kengele ya shule yetu. Unaikumbuka, ile ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti karibu na ofisi. Mwaka walipojenga madarasa mapya waliihamishia kando ya njia, na kila mpita njia mwenye kijiti akawa anaipiga. Watoto walitoka kwenda mapumziko mara sita kwa siku. Mwalimu mkuu aliitukana kengele ile, akataka inunuliwe nyingine. Lakini kengele ilikuwa ile ile, haina kosa lolote, imehamishwa tu.

Nikuambie upumbavu wangu mwingine, ucheke kidogo. Daktari aliposema neno jeni tu, kabla hajafika mbali, mimi nilirukia: "Kwa hiyo ni ya kurithi? Basi ni ya ukoo wa baba yake!" Hata pale, baada ya yote yale, bado nilikuwa natafuta njia ya kufika mlangoni kwa wifi yangu. Daktari akatikisa kichwa. Alisema badiliko hili halikutoka kwa baba wala kwa mama. Lilitokea ndani ya seli moja ya mtoto mwenyewe, baada ya kuzaliwa. Evodi hakulirithi, na wewe huna la kurithi kutoka kwetu. Hilo nililiuliza mara tatu, kwa ajili yako, na mara zote tatu alijibu hivyo hivyo.

Nikamuuliza kuhusu chandarua. Hujui habari ya chandarua. Mwaka ule tulipewa viwili, na kimoja nilikitandaza juu ya kitalu changu cha nyanya, kwa sababu kuku walikuwa wanachakura. Mimi, niliyekuwa nafundisha habari za mbu darasani. Alifikiri kabla ya kujibu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema malaria inachangia, na kuna kirusi pia kinachochangia, ambacho karibu kila mtoto wa huku anacho, lakini maelfu ya watoto hupata vyote viwili na hawaugui hivi. Hakuna anayeweza kuniambia ni mbu gani au usiku gani. Sehemu kubwa, alisema, ni bahati mbaya tu.

Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Nilikuwa nimezoea kuwa na mtu. Kwa miaka mingi nikiamka na uchungu nilijua niuelekeze Kitendaguro, na uchungu ulikwenda wenyewe kama ng'ombe anayejua njia. Sasa nikaambiwa hakuna mtu. Kuna seli moja, ndogo kuliko chochote nilichowahi kuona, iliyokosea kuunga nyuzi siku ambayo pengine Evodi alikuwa anacheza mpira. Nililia kwenye benchi lile kuliko nilivyolia kwenye mazishi. Kisha yule daktari, akitaka kunifariji, aliniuliza swali analowauliza wazazi wote kwa ajili ya faili lake.

"Kwa huyu Jeneroza, nani aliyeona kwanza?"

Nikasema ni mimi. Akanishika mkono akasema, "Basi wewe ndiye uliyemwokoa."

Swali ni lile lile, Kemi. Nimelifikiria mwaka mzima. Hospitalini ni swali jema, ni kazi yake kabisa, linatafuta siku ugonjwa ulipoanza ili dawa ijue pa kuanzia. Kwetu lilihamia kwenye matanga, likakaa jirani na uchungu wangu ambao haukuwa unalala, nalo likageuka likawa kitu kingine. Waliouliza hawakuwa wachawi wala watu wabaya. Hata mimi nilipojibu jina lile, nilijibu kweli. Lakini wiki tano zile hazikuwa bahati mbaya, na kadi haikujihamisha yenyewe kuingia mkobani. Seli ile siwezi kuihukumu. Hayo mawili yana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayekuandikia.

Jeneroza amepona. Nywele zimerudi, kelele zimerudi. Mama yake huniletea parachichi, na kila akija nafikiri kuna mtu ambaye alipaswa kuletewa maparachichi na mimi.

Tangu hapo nimekwenda Kitendaguro mara tatu. Mara zote nimefika mpaka kwenye ua wake wa michongoma. Mara ya kwanza nilimwona mgongo, anapalilia mchicha, nikageuka. Mara ya pili hakuwapo, na nilifurahi, aibu iliyoje. Mara ya tatu nilisimama mpaka jirani yake akaniuliza kama nimepotea, nikasema ndiyo.

Wiki mbili zilizopita nilichukua namba yake kwenye simu ya baba yako. Ameiandika "Rafiki Bukoba". Nikamtumia ujumbe: "Wifi, Kemi anakuja kusoma Bukoba. Naomba tuje kwako Jumapili. Nina neno la kukuomba, nimelichelewesha." Siku tatu hakujibu. Siku ya nne akaandika mstari mmoja:

"Mama Evodi, mtoto anakula senene siku hizi?"

Tangu mazishi, hakuna mtu anayeniita Mama Evodi. Watu wote waliligeuza wakasema Mama Kemi, au Mwalimu, ili wasinichome. Sikujua kama nalikumbuka jina langu mpaka nilipolisoma kwenye simu, limetoka kwake.

Sijui maana ya ujumbe ule. Nimeusoma nikaona msamaha, nikausoma tena nikaona mwiba. Labda ni vyote viwili, ana haki ya vyote viwili. Labda ni swali la kawaida la shangazi anayetaka kujua aandae nini. Sijamjibu, kwa sababu kila nikiandika "ndiyo" naona nimekusemea tena, kama nilivyokusemea sokoni kwa macho.

Unafikiri kesho nakusindikiza ili kukubebea godoro. Godoro baba yako analiweza. Tukifika Bukoba, mimi nitakwenda Kitendaguro kwanza. Nitakwenda na ile kadi ya kliniki, ninayo bado. Nitamwambia yote niliyokuandikia hapa, na asiponifungulia nitayasema nikiwa nje ya michongoma, jirani naye asikie, maana kule kumshitaki nako walisikia wengi. Akinifungulia, nitakula chochote atakachoweka mbele yangu. Wewe una hiari. Ukiendelea na baba yako mpaka Kahororo, sitakununia, na sikutumi uniombee msamaha, maana deni la mdomo wangu si la mdomo wako. Nilikufundisha kumwogopa mwanamke aliyemlisha kaka yako kwa upande usiouma. Siwezi kukulazimisha kwa barua moja uache.

Nasikia sauti ya baba yako kule chini njiani, anasalimiana na kila mgomba. Nakunja sasa. Barua naiweka juu ya mto wako, kwenye kile kitanda cha shangazi yako, na simu yangu naiweka juu yake. Haina namba ya siri, unajua. Ujumbe wake uko wa kwanza kabisa.

Ameuliza kuhusu wewe. Mjibu wewe.

Ni mimi mama yako,
Mama Evodi